Kiwanda cha kahawa, chai na tumbaku kilivyogeuzwa ofisi: Van Nelle ya Rotterdam na mafunzo kwa wenye maghala

Gunia la kahawa likishapakiwa kwenye kontena Kampala, Kigali au Bujumbura na kufika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, wengi walioligusa njiani hawalioni tena. Karani wa mizani, dereva wa lori na wakala wa forodha humaliza kazi yao hapo. Mzigo huendelea na safari hadi bandari za kaskazini mwa Ulaya kama Antwerp, Hamburg na Rotterdam, ambako kwa zaidi ya miaka mia mbili kahawa, chai na tumbaku za nchi za joto zimekuwa zikipokewa, kuchanganywa, kufungwa katika pakiti na kuuzwa.

Pembeni mwa jiji la Rotterdam, nchini Uholanzi, kuna jengo lililojengwa kwa ajili ya kazi hiyo tu. Ni kiwanda cha kampuni ya Van Nelle, kilichojengwa kati ya mwaka 1925 na 1931. Leo hakikaangi kahawa wala kufunga chai. Ndani yake kuna ofisi na kumbi za mikutano, na tangu mwaka 2014 kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Makala hii inaeleza jinsi jengo hilo lilivyofanya kazi, kwa nini kazi hiyo iliisha, na hatua zilizochukuliwa kuligeuza kuwa mahali pa kazi za kisasa. Inaeleza pia mambo ambayo mwenye ghala au kiwanda cha zamani katika miji yetu anapaswa kuyapima kabla ya kuamua kubomoa, kuuza au kukarabati. Uamuzi huo haurudishwi nyuma kirahisi. Jengo likishabomolewa limekwisha, na fedha zikishamwagwa katika ukarabati usio na wapangaji, benki haitasubiri.

Kwa ufupi

- Mahali: kando ya mfereji wa Schie, eneo la viwanda la Spaanse Polder, Rotterdam.
- Kampuni ilianzishwa: 1782.
- Kiwanda kilijengwa: 1925 hadi 1931.
- Wasanifu: ofisi ya Brinkman na Van der Vlugt, mhandisi wa zege alikuwa Jan Gerko Wiebenga.
- Bidhaa: tumbaku, kahawa na chai.
- Uzalishaji ulisimama: katikati ya miaka ya 1990.
- Matumizi mapya: ofisi za kupangisha, kumbi za mikutano na maonyesho.
- Urithi wa Dunia: 2014.

Chimbuko la kiwanda

Van Nelle ilianza kama duka. Mwaka 1782 Johannes van Nelle alifungua biashara ya kuuza kahawa, chai na tumbaku mjini Rotterdam. Katika karne ya 19 biashara hiyo iliingia mikononi mwa familia ya Van der Leeuw, ambayo iliikuza hadi ikawa kampuni kubwa. Sehemu kubwa ya malighafi ilitoka katika makoloni ya Uholanzi, hasa visiwa ambavyo leo ni nchi ya Indonesia. Ukubwa wa kiwanda hicho, kwa maneno mengine, ulitokana na mazao ya wakulima waliokuwa mbali sana na Rotterdam na ambao hawakuwa na sauti katika bei.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ilikuwa ikifanya kazi katika majengo yaliyosongamana ndani ya mji. Mmoja wa wakurugenzi, Kees van der Leeuw, alitaka kiwanda kipya chenye hewa, mwanga na nafasi. Alisafiri hadi Marekani kuangalia viwanda vya huko. Aliamini kwamba mfanyakazi anayefanya kazi mahali safi penye mwanga wa jua hufanya kazi vizuri zaidi na huishi vizuri zaidi.

Kiwanja kilichochaguliwa kiliwekwa penye njia tatu za usafirishaji: maji, reli na barabara. Tishari zilitia nanga kwenye mfereji, mabehewa yalifika kwa reli, na malori yalipita kwenye barabara ya ndani ya kiwanda. Msafirishaji yeyote ataelewa mara moja faida ya mpango huo. Mzigo haukuhamishwa mara mbili bila sababu, na njia moja ikikwama palikuwa na nyingine.

Mchoro wa kwanza ulianzwa na msanifu Michiel Brinkman. Alipofariki mwaka 1925, mwanawe Johannes Brinkman alichukua ofisi na kushirikiana na Leendert van der Vlugt, ambaye ndiye anayetajwa zaidi kuwa mbunifu wa jengo lililosimama leo.

Mzigo ulivyosafiri ndani ya jengo

Kiwanda kiligawanywa sehemu tatu zilizopangwa kwa mstari, kila bidhaa na sehemu yake. Sehemu ya tumbaku ndiyo iliyoinuka zaidi, ikiwa na sakafu 8. Inafuatwa na ya kahawa iliyo chini kidogo, na mwisho ni ya chai yenye sakafu 3. Ukilitazama jengo kwa mbali unaona ngazi tatu zinazoshuka.

Kanuni ya uzalishaji ilikuwa rahisi. Malighafi ilipandishwa hadi sakafu ya juu kabisa, kisha ikashuka hatua kwa hatua. Katika kila sakafu ilifanyiwa kazi moja, ikateremka kwa uzito wake hadi sakafu inayofuata, na ilipofika chini ilikuwa bidhaa iliyofungwa tayari kwa mteja. Nguvu ya mashine ilitumika zaidi kupandisha. Kushuka kulikuwa bure.

Kutoka hapo bidhaa zilivuka kwenda jengo la kupakilia lililo kando ya mfereji. Zilivuka kwa madaraja ya chuma na kioo yaliyojengwa kwa mshazari juu ya barabara ya ndani, yakiwa na mikanda ya kusafirishia mizigo. Chini yake malori yalipita bila kusubiri. Madaraja hayo bado yapo na ndiyo yanayopigwa picha zaidi.

Mambo mawili ya ujenzi yanahitaji kueleweka, kwa sababu ndiyo yaliyoamua hatima ya jengo miaka sabini baadaye.

La kwanza ni nguzo. Wiebenga alitumia zege la nondo lenye nguzo zinazotanuka juu kama uyoga. Nguzo ya aina hiyo hubeba sakafu moja kwa moja bila boriti. Dari inabaki tambarare, na kati ya nguzo na nguzo hakuna ukuta unaobeba uzito. Mashine ziliweza kupangwa na kupangwa upya bila kugusa jengo.

La pili ni kuta za nje. Kwa kuwa uzito wote ulibebwa na nguzo zilizo ndani, ukuta wa nje haukuwa na kazi ya kubeba kitu. Ulikuwa pazia tu la fremu nyembamba za chuma na vioo, likining'inia mbele ya sakafu kutoka mwanzo wa jengo hadi mwisho. Sakafu zina upana wa takriban mita 19, kiasi ambacho mwanga kutoka pande zote mbili unaweza kufika katikati. Kiwanda kikawa na mwanga mchana kutwa, jambo lililokuwa geni kwa viwanda vya wakati ule. Msanifu maarufu Le Corbusier alikitembelea mwaka 1932 na kukisifu sana katika maandishi yake.

Tarehe 14 Mei 1940 ndege za Ujerumani zilipiga mabomu katikati ya Rotterdam na kuteketeza kitovu cha mji. Kiwanda, kwa kuwa kilikuwa nje kidogo, kilinusurika.

Kwa nini kiwanda kiliacha kazi

Jengo la Van Nelle halikuchakaa kwanza ndipo likafungwa. Lilifungwa kwa sababu biashara ilibadilika.

Sababu ya kwanza ni umiliki. Mwaka 1989 kampuni iliingia chini ya Sara Lee/Douwe Egberts, kundi lililokuwa tayari na viwanda vyake vya kahawa na chai. Kampuni yenye viwanda viwili vinavyofanya kazi moja hutafuta cha kufunga. Katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulisimama.

Sababu ya pili ni usafirishaji, na hii inawahusu wasafirishaji wa kila nchi. Mwezi Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Katika miongo iliyofuata kontena lilibadilisha bandari zote kubwa, Rotterdam ikiwa mojawapo. Kazi ilihama kutoka gati za ndani ya mji kwenda maeneo mapya karibu na bahari yenye kina na viwanja vipana. Mzigo ukaja kwa kontena na paleti, ukashushwa kwa foklifti. Foklifti inataka sakafu moja pana yenye milango mingi ya kupakilia. Jengo lenye sakafu nane na lifti chache linageuka kizuizi.

Kanuni ileile iliyokuwa akili ya mwaka 1930, yaani kupandisha juu ili kuteremsha kwa uzito, ikawa gharama ya mwaka 1990.

Jengo tupu la ukubwa ule halikai salama kwa muda mrefu. Chuma kisichopakwa rangi hushika kutu, kutu hutanuka, na inapotanuka hupasua kioo. Maji yakishaingia kwenye zege hufikia nondo. Hata jengo lililolindwa na sheria huweza kufa polepole likiwa limesimama. Kwa hiyo swali la Rotterdam halikuwa kama jengo ni zuri. Swali lilikuwa nani atalipa kodi ndani yake.

Tatizo la kioo

Jibu lililochaguliwa lilikuwa ofisi za kupangisha, hasa kwa kampuni za ubunifu: wasanifu, wachora matangazo, watengenezaji wa vyombo vya habari na wengine wa aina hiyo. Mradi ukaitwa kiwanda cha ubunifu. Msanifu Wessel de Jonge, mtaalamu wa kukarabati majengo ya zama zile, alipewa kazi ya kuratibu, huku ofisi nyingine za usanifu zikichukua sehemu mbalimbali. Kazi kubwa ilifanyika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea katika miaka ya 2000.

Ugumu ulikuwa hapa. Mfanyakazi wa kiwandani aliyesimama na kutembea karibu na mashine zenye joto aliweza kuvumilia ukuta wa kioo cha tabaka moja. Mtu wa ofisini anayekaa mbele ya kompyuta saa nane hawezi. Majira ya baridi Uholanzi kioo kile hupitisha baridi. Majira ya joto hugeuza chumba kuwa tanuri. Kelele za reli na barabara nazo hupenya.

Suluhisho la kawaida lingekuwa kung'oa fremu zote na kuweka mpya zenye vioo vya tabaka mbili. Lakini kioo cha tabaka mbili ni kizito na kinahitaji fremu nene. Wepesi wa ukuta ule ndio uliolifanya jengo liwe na thamani. Kubadilisha fremu kungeokoa umeme na kupoteza jengo.

Suluhisho: ukuta wa pili kwa ndani

Wasanifu waliamua kuuacha ukuta wa nje kama ulivyo. Fremu za chuma zilikarabatiwa na kioo cha tabaka moja kikabaki. Kisha, hatua kadhaa ndani ya jengo, wakajenga ukuta mwingine wa kioo, na ofisi zikawekwa nyuma ya ukuta huo. Ni kama kuweka sanduku dogo ndani ya sanduku kubwa.

Kati ya kuta hizo mbili inabaki nafasi ya hewa inayofanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja:

1. Hukinga joto na baridi. Hewa iliyopo katikati hupokea jua au baridi kwanza, kabla ya kufika ofisini.
2. Hupunguza kelele za nje.
3. Hutumika kama njia ya kupita, kwa hiyo nafasi haipotei yote bure.
4. Huacha mwanga upite, kwa kuwa kuta zote mbili ni za kioo.
5. Inaweza kuondolewa. Ukuta wa ndani haukuchomelewa kwenye jengo la zamani. Kizazi kijacho kikitaka matumizi mengine, kinaufungua.

Jambo la tano ndilo linalotajwa zaidi na wataalamu wa ukarabati. Kila kipya kilichoongezwa kinatambulika kuwa kipya na kinaweza kutolewa bila kuumiza cha zamani.

Nguzo za uyoga nazo zilirudisha fadhila. Kwa kuwa hapakuwa na kuta zinazobeba uzito, sakafu ziliweza kugawanywa kwa mpangaji mdogo au kuachwa wazi kwa mpangaji mkubwa. Kwa kuwa dari haina boriti, mabomba ya hewa na nyaya za umeme ziliweza kupitishwa bila kutoboa jengo. Na kwa kuwa sakafu zilijengwa kubeba mashine na magunia, madawati na makabati ya ofisi hayakuwa mzigo.

Maonyesho ya sanaa ya Art Rotterdam yalihamia humo mwaka 2014 na kuendelea kufanyika hapo kwa miaka kadhaa. Mwaka huohuo wa 2014 UNESCO ililiingiza jengo katika orodha ya Urithi wa Dunia, ikitambua usanifu wake na historia yake ya kusindika mazao ya nchi za joto kwa ajili ya soko la Ulaya.

Njia tofauti: Lingotto ya Turin

Si kila kiwanda hufaa kuwa ofisi tu. Mfano mwingine ni Lingotto, kiwanda cha magari cha Fiat katika mji wa Turin, Italia, kilichobuniwa na Giacomo Mattè-Trucco na kuzinduliwa mwaka 1923.

Hapo mzigo ulikwenda kinyume cha Van Nelle. Malighafi iliingia chini, gari likaunganishwa likipanda sakafu baada ya sakafu, na lilipokamilika likatokea juu ya paa, ambako kulikuwa na barabara ya majaribio yenye mzunguko wa takriban kilomita moja. Kiwanda kilifungwa mwaka 1982, kwa sababu isiyo mbali na ile ya Rotterdam: utengenezaji wa magari ulihitaji sakafu moja ndefu.

Kazi ya kukigeuza ilipewa msanifu Renzo Piano. Kwa kuwa jengo lilikuwa kubwa mno kwa mpangaji wa aina moja, lilichanganywa: ukumbi wa maonyesho ya biashara, ofisi, hoteli, maduka, ukumbi wa muziki, sehemu ya chuo kikuu cha ufundi, na mwaka 2002 jumba la sanaa juu ya paa. Barabara ya majaribio ilibaki, na mwaka 2021 ilipandwa bustani.

Tofauti ya miradi hii miwili ni ya kibiashara. Van Nelle ilitegemea jina na wapangaji wa fani zinazofanana, wanaovutana wenyewe kwa wenyewe. Lingotto iligawanya hatari: sekta moja ikidorora, nyingine inalipa. Mwenye jengo dogo huweza kufuata njia ya kwanza. Mwenye jengo linalochukua mtaa mzima hana budi kufikiria ya pili.

Hali katika miji yetu

Katika Afrika Mashariki majengo ya aina hii si machache. Mashine za kuchambua pamba, viwanda vya kukoboa kahawa, maghala ya vyama vya ushirika na magodauni ya kando ya reli vilijengwa wakati mzigo ukisafiri kwa behewa na gunia likibebwa begani. Mengi yako katikati ya miji iliyokua na kuyazunguka.

Mabadiliko yaliyoikumba Rotterdam yamefika huku pia kwa njia yake. Bandari kavu zimechukua kazi za maghala ya mjini. Tangu mwaka 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa ikitekeleza Himaya Moja ya Forodha, ambapo mzigo huhakikiwa na kulipiwa ushuru mwanzoni mwa safari, na vituo vya pamoja vya mpakani vimepunguza siku za kusubiri. Ghala lililoishi kwa sababu mzigo ulikuwa ukilala linakosa kazi mzigo unapoacha kulala.

Mfano wa kutumia upya jengo la aina hiyo upo Nairobi. Mwaka 2003 kituo cha sanaa cha GoDown kilianzishwa katika ghala la zamani kwenye eneo la viwanda, na jina lenyewe likabaki kuwa kumbukumbu ya godauni. Wasanii walifuata nafasi pana na kodi nafuu, jambo ambalo majengo mapya ya katikati ya mji hayakuweza kutoa.

Mambo ya kukagua kabla ya kuamua

Wataalamu wa ujenzi hushauri ukaguzi ufanyike kabla ya kuchora ramani yoyote. Yafuatayo ndiyo ya msingi.

Hati na matumizi ya ardhi. Kiwanja kilichosajiliwa kwa matumizi ya viwanda hakiwi cha ofisi kwa sababu tu madawati yameingizwa. Kibali cha kubadilisha matumizi kinahitajika, na kinaweza kubadilisha kodi ya ardhi. Ni lazima pia kujua kama ardhi ni ya mwenye jengo au ni ya shirika la reli, bandari au ushirika kwa mkataba wenye mwisho.

Mifupa ya jengo. Mhandisi apime zege, nondo, boriti na msingi. Jengo la zamani likiwa na mifupa mizima, nusu ya kazi imekwisha. Mifupa ikiwa imeoza, kinachouzwa ni kiwanja.

Paa. Maghala mengi ya zamani yaliezekwa kwa bati za asbesto. Vumbi lake likivutwa husababisha saratani na magonjwa mengine ya mapafu, mara nyingi miaka mingi baadaye. Asbesto haivunjwi kwa nyundo na kuuzwa kama chuma chakavu. Huondolewa na wenye leseni na kuzikwa mahali palipoidhinishwa, na gharama hiyo iingie katika bajeti tangu mwanzo.

Udongo. Kiwanda cha ngozi, gereji au ghala la viuatilifu huacha kemikali ardhini. Kupima ni nafuu kuliko kesi.

Moto. Ghala huwa na watu wachache, ofisi huwa na mamia. Ngazi za dharura, milango inayofunguka kwa nje na maji ya kuzimia moto ni masharti ya kibali na ni uhai wa watu.

Umeme, maji na mtandao. Kiwanda huenda kilikuwa na transfoma yake. Je, bado ipo? Vyoo viwili vilivyotosha wapagazi ishirini havitoshi wapangaji mia mbili.

Joto. Uholanzi ilipambana na baridi kwanza. Huku adui ni jua. Kanuni ya nafasi ya hewa inatumika vilevile: baraza, dari ya pili chini ya bati, na matundu ya juu ya kutoa hewa moto hupunguza bili ya viyoyozi kila mwezi.

Magari. Geti lililojengwa kwa ajili ya malori sita kwa siku litapitisha vipi magari madogo mia asubuhi? Na kama sehemu ya jengo itabaki ghala, malori na wapita kwa miguu watenganishwe.

Hesabu inayowapoteza wengi

Kosa la kawaida ni kuhesabu kodi kwa eneo lote la jengo. Tuchukulie ghala la ghorofa lenye mita za mraba 4,000. Njia, ngazi, lifti, vyoo na chumba cha mitambo vikichukua robo, zinabaki mita 3,000 za kupangisha. Mwaka wa kwanza theluthi moja ikikosa wapangaji, zinazolipa ni mita 2,000. Mwenye jengo aliyekopa kwa hesabu ya mita 4,000 ana nusu tu ya mapato aliyoiahidi benki.

Hata ukuta wa pili wa Rotterdam ulikuwa na bei yake katika nafasi. Jengo lenye urefu wa mita 60 likiacha upenyo wa mita 1.5 upande mmoja, linatoa mita za mraba 90 kila sakafu. Sakafu zikiwa 8, ni mita 720. Ndiyo maana upenyo huo ulipewa kazi ya njia badala ya kuachwa mtupu.

Kwa sababu hiyo miradi mingi hufanywa kwa awamu. Sehemu moja hukarabatiwa na kupangishwa, na kodi yake husaidia kulipia sehemu inayofuata. Kwa mfanyabiashara asiye na mtaji mkubwa, hii ndiyo njia yenye usalama zaidi, kwa sharti kwamba paa la jengo zima lizibwe kwanza. Mvua haisubiri awamu ya pili.

Kinachobaki na kinachoondoka

Kugeuza kiwanda kuwa ofisi hakurudishi ajira za kiwanda. Wanawake na wanaume waliofunga chai na tumbaku pale Van Nelle, kila kundi likipanda ngazi zake kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, hawakuwa wachora matangazo miaka ya 2000. Jengo lilipata kazi mpya. Waliokuwa wakifanya kazi ndani yake walilazimika kuitafuta kwingine. Serikali za mitaa zinazopanga miradi kama hii zina wajibu wa kulitazama jambo hilo, kwa kuwa mtaa unaozunguka kiwanda huishi kwa mshahara wake: mama lishe, duka la rejareja, fundi baiskeli.

Lakini kubomoa nako hakurudishi ajira hizo. Na pale ambapo mifupa ni mizima, kukarabati huokoa saruji, chuma na muda, na huacha mjini alama ya kazi ambayo wazee waliifanya.

Van Nelle haikuokolewa na uzuri wake peke yake. Iliokolewa na nguzo zilizowekwa mahali sahihi, sakafu zenye nguvu kuliko zilivyohitajika, na watu waliokubali kupoteza nafasi kidogo ili wasipoteze jengo. Mwenye ghala la zamani Mbale, Kigoma au Kisumu anaweza kuanzia hapohapo: amwite mhandisi apime nguzo, kabla hajamwita mnunuzi wa chuma chakavu.